Vikao Viwili: Nani Anaamua Juu ya Ardhi, Misitu na Madini Yetu?



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu tunawaachia wazee na wanasiasa. Ikisikika kijijini kwamba kuna mradi unakuja, iwe ni wa madini, mbao au mawe, kijana huuliza swali moja tu: "Kuna ajira?" Ni swali halali kabisa, maisha ni magumu na kila mtu anatafuta riziki. Lakini kuna maswali yanayolitangulia hilo. Nani ameamua? Ameamua lini? Na kama sisi wenyeji tungesema hapana, kuna mtu angetusikiliza?

Tutasoma habari za vikao viwili katika Biblia. Halafu tutapanda Milima ya Usambara, kuanzia Lushoto mpaka Amani, tuone mambo haya yalivyotokea kwetu hapa hapa. Mwisho tutaangalia Kanisa linafundisha nini, sheria inatupa nini, na wewe kijana ufanye nini. Chukua Biblia yako, soma kwanza 1 Wafalme 21:1-16 na Matendo ya Mitume 6:1-7, kisha rudi hapa tuendelee.

1. Kikao cha Yezreeli

Habari ya Nabothi tunaifahamu. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu kwa sababu lilikuwa jirani na jumba la kifalme, naye alitaka kulifanya bustani ya mboga. Tukumbuke kwamba Ahabu hakuanza kwa ubaya. Alitoa chaguo: shamba lingine bora zaidi, au fedha. Kwa lugha ya leo tungesema alitoa fidia nzuri. Nabothi akakataa, kwa kuwa lile shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Yeye hakuliona kama bidhaa. Aliona ndani yake jasho la waliomtangulia na haki ya watakaomfuata.

Ahabu akaenda kulala, akageukia ukutani, akagoma kula. Hapo ndipo Yezebeli alipoingia kazini. Wengi tunakumbuka kwamba Nabothi aliuawa, ila tunasahau aliuawa kwa utaratibu gani. Yezebeli hakutuma majambazi usiku. Aliandika barua, akapiga muhuri wa mfalme, akawapelekea wazee na wakuu wa mji. Mkutano ukaitishwa, mfungo ukatangazwa, Nabothi akakalishwa mbele ya watu, mashahidi wawili wakaletwa, na hukumu ikatolewa.

Yaani kila kitu kilikuwepo! Barua yenye muhuri, wazee, mkutano wa hadhara, mashahidi. Ukiangalia kwa haraka utasema wananchi walishirikishwa. Kilichokosekana ni kimoja tu: uamuzi ulikuwa umeshafanyika kabla kikao hakijaanza. Mkutano ulikuja kuuvisha nguo ya uhalali. Na wale wazee, waliomjua Nabothi tangu utoto wake, waliona muhuri wa mfalme wakanyamaza.

2. Kikao cha Yerusalemu

Sasa twende Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa changa lilikuwa na mgogoro wa rasilimali. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Manung'uniko yakaanza.

Mitume wangeweza kusema, "Sisi ndio tuliochaguliwa na Bwana, nyamazeni." Hawakusema hivyo. Waliita jumuiya nzima ya waamini, wakaeleza tatizo wazi, wakatoa pendekezo, na pendekezo likakubaliwa na wote. Kisha jumuiya yenyewe ikachagua watu saba, mitume wakawaombea na kuwawekea mikono.

Hebu soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Inaonekana jumuiya ilichagua watu kutoka upande ule ule uliokuwa unalalamika! Waliokuwa wanasahauliwa hawakuitwa ili wapigiwe hotuba na kupewa soda. Walikabidhiwa kazi yenyewe. Na Mtakatifu Luka anamalizia kwa kusema kwamba Neno la Mungu lilizidi kuenea. Haki katika ugawaji ilifungua njia ya Injili.

Shika vikao hivi viwili kichwani. Kila mkutano unaoitishwa kijijini kuhusu ardhi, msitu au madini unafanana ama na Yezreeli ama na Yerusalemu.

3. Tupande Usambara

*Matuta ya lazima.* Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo. Miaka michache baadaye ukapanuliwa, ukaitwa Mpango wa Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na asiyechimba aliadhibiwa. Wanawake, ambao ndio waliobeba kazi nyingi ya shamba, walibeba pia sehemu kubwa ya mzigo huu mpya. Watu wakawa na hofu kwamba mashamba yakishatengenezwa yatachukuliwa. Upinzani ukakua, ukachanganyika na siasa za kudai uhuru, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Cha kujifunza hapa ni kwamba tatizo lenyewe lilikuwa la kweli. Udongo wa Usambara ulikuwa unamomonyoka, na hata leo ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni wakati wa masika utaona maji yalivyo mekundu. Wataalamu walikuwa sahihi kuhusu udongo. Walikosea kuhusu watu. Mwaka 1981 ulipoanza mradi wa SECAP kwa ushirikiano na Wajerumani, lengo lilikuwa lile lile la kuokoa udongo, lakini njia ilianzia kwenye mahitaji ya mkulima: majani ya malisho yaliyopandwa kufuata kontua, ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini, miti ndani ya shamba. Mtu akiona faida mezani kwake, hahitaji kusimamiwa kwa kiboko.

*Magogo ya Amani.* Upande wa mashariki, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilivuna magogo kwa mitambo katika misitu ya asili, kwa msaada wa Finland. Mwenye nia alitaka kusaidia maendeleo. Lakini misitu ya Usambara ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine popote duniani, na ndiyo inayotunza vyanzo vya Mto Zigi, unaolipatia maji Jiji la Tanga. Kelele za wanasayansi na wahifadhi zikapanda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 uvunaji ule wa mitambo ukasimamishwa. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza nchini Tanzania.

*Iliki za Derema.* Tusije tukadhani ni wachimbaji na wakata magogo tu wanaoweza kuwasahau wenyeji. Hata uhifadhi unaweza kufanya hivyo. Pale Derema, ili misitu iliyotengana iunganishwe tena, wakulima zaidi ya 1,000 kutoka vijiji vitano walitakiwa kuacha mashamba yao yaliyokuwa ndani ya msitu, mengi yakiwa ya iliki. Fidia ilihesabiwa kwa mazao, na ilichukua miaka kukamilika. Hebu jiulize, mama aliyesomesha watoto kwa iliki alisubirije miaka yote hiyo? Lengo likiwa zuri, mwenye shamba bado ana haki ya kuulizwa mapema na kulipwa kwa wakati.

*Dhahabu ya Sakale.* Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisikika kwamba kuna dhahabu Sakale, karibu na Amani. Watu wakamiminika kwa maelfu, wengi wao vijana kama sisi, wakachimba kandokando ya mito mpaka serikali ilipowaondoa. Hapa hapakuwa na kampuni kubwa ya kulaumiwa. Ni watu wa kawaida waliokuwa wanatafuta maisha. Lakini mchanga unaovurugwa juu mlimani unashuka na mto mpaka bwawa la Mabayani, na anayefungua bomba Tanga mjini hakuulizwa. Kwa hiyo tukisema "jamii ishirikishwe" tuulize pia: jamii ipi? Mto Umba unaanzia Usambara na kumwaga maji yake baharini upande wa Kenya. Anayekaa mwisho wa mto naye ni jirani yetu.

*Boksiti ya Magamba.* Magamba, juu kidogo ya mji wa Lushoto, inajulikana kwa wanajiolojia kwa sababu ya boksiti, udongo ambao hutengenezewa aluminiamu. Boksiti haikai chini sana kama dhahabu ya Geita. Hukaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo kuichimba maana yake ni kuondoa kwanza miti na udongo wa juu. Na Magamba ni msitu, ni chanzo cha maji. Hili ni swali lililo wazi mpaka leo kwa kizazi chetu: tukiulizwa, tutakuwa na la kusema? Na tusipoulizwa, tutajua?

Wazee wa Kishambaa wana maneno mawili mazito. *Kuzifya shi* ni kuiponya nchi, na *kubana shi* ni kuiharibu. Zamani waliamini kwamba nchi huharibika wakubwa wakishindana nguvu kwa nguvu. Mvua na mavuno havikutenganishwa na namna watu walivyoongozwa. Nadhani waliona kitu ambacho sisi wa leo tunakisahau: ardhi huanza kuharibika kwenye maamuzi, kabla jembe au katapila halijafika.

4. Kanisa linafundisha nini?

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana nguzo tatu zinazotuhusu hapa.

Ya kwanza ni *mafao ya wengi*. Mali ya dunia Mungu aliwapa watu wote. Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Kulima bila kutunza ni uporaji, na kutunza kwa kuwafukuza wenye njaa si mpango wa Mungu.

Ya pili ni *kanuni ya auni*, ambayo Papa Pio XI aliifafanua mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno. Kwa kifupi, jambo linaloweza kuamuliwa vizuri na walio chini, walio juu wasilinyakue. Wao wawasaidie. Kijiji kina haki ya kusikika si kwa sababu wanakijiji ni wataalamu wa kila kitu, bali kwa sababu wao ndio watakaoishi na matokeo.

Ya tatu ni *ekolojia fungamani*, ambayo Hayati Papa Fransisko alitufundisha katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015. Katika namba 183 anaeleza kwamba tathmini ya mazingira isifanywe baada ya mradi kuamuliwa, na kwamba wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee katika mazungumzo, kwa kuwa wanajiwazia wao na watoto wao. Katika namba 185 anatupa maswali ya kuuliza kila mradi: unalenga nini, kwa nini, wapi, lini, kwa namna gani, kwa faida ya nani, una hatari gani, na gharama atalipa nani. Yaandike maswali haya kwenye simu yako. Yatakufaa.

Na si waraka tu. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu ya Tanzania, wakihoji ni kiasi gani wananchi wananufaika nayo. Wakristo na Waislamu walisimama pamoja, kwa sababu mto hauulizi dini.

5. Sheria inatupa nini?

Hapa vijana wengi tunalala usingizi. Tunadhani serikali ni watu fulani huko mbali, kumbe kijiji chenyewe ni serikali.

* Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Kama una miaka 19, wewe ni mjumbe. Hakuna anayekupa kadi.
* Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa matumizi mengine, wenye maeneo wana haki ya kutoa hoja zao. Eneo likiwa si zaidi ya hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, baada ya kupokea maoni ya kijiji. Fidia inatakiwa ikubaliwe kabla ya ardhi kuhamishwa.
* Kwa madini, tuelewane vizuri. Madini yaliyo ardhini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Lakini ardhi ya juu ina wenyewe, na haki zao haziyeyuki kwa sababu mtu ameonyesha leseni.
* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe.
* Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, akubaliane na halmashauri. Pia kuna ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, unaolipwa halmashauri. Ukiona mgodi upo na zahanati haina dawa, una haki ya kuuliza.

6. Sasa kijana ufanye nini?

*Hudhuria.* Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi na vijana wote wapo kijiweni au kwenye bodaboda, tusije tukalalamika baadaye kwamba wazee wameuza eneo.

*Soma kabla ya kusaini.* Karatasi ya mahudhurio isigeuke karatasi ya ridhaa. Angalia kichwa cha karatasi kimeandikwa nini. Kama hapana kichwa, omba kiandikwe ndipo usaini. Si utovu wa adabu, ni uangalifu.

*Omba muhtasari.* Kilichokubaliwa kiandikwe na kisomwe mbele ya watu. Ahadi ya barabara, ajira au maji isiyo kwenye muhtasari ni upepo.

*Wasemee wasiosikika.* Mjane, mama wa shamba la kukodi, kijana asiye na ardhi, mzee asiyesikia vizuri Kiswahili cha wataalamu. Mtafsirie Kishambaa. Hiyo nayo ni huduma, kama ile ya wale saba.

*Sema kweli.* Usisambaze kwenye WhatsApp habari usiyoihakiki, wala usimzushie mwekezaji au kiongozi. Nabothi aliuawa kwa ushahidi wa uongo. Hatuwezi kutetea haki kwa silaha ya Yezebeli. Wala hatuchomi mitambo.

*Uwe tayari kusema ndiyo pia.* Kushirikishwa maana yake si kukataa kila mradi. Wakati mwingine jibu la busara ni "ndiyo, kwa masharti haya." Na wakati mwingine jamii yenyewe inataka jambo baya, kama kuchimba kwenye chanzo cha maji, na hapo Mkristo anahitaji ujasiri wa kuwaambia ndugu zake hapana.

Najua ugumu uko wapi. Kusimama mbele ya mwenyekiti ambaye ni baba yako mdogo na kusema "shikamoo baba, naomba ufafanuzi" kunahitaji moyo. Waweza kuonekana mkorofi, au mpinga maendeleo. Ndiyo maana msiende mmoja mmoja. Nendeni kama jumuiya, kwa heshima, mkiwa mmesali na mmesoma. Wale wazee wa Yezreeli walinyamaza kila mtu kivyake. Laiti wangekuwepo wawili watatu wa kusimama na kusema, "Tunamjua Nabothi, hakusema hayo," huenda habari ile ingeishia vingine.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika 1 Wafalme 21, ni nani angeweza kuzuia dhuluma? Kwa nini hakuzuia?
2. Mkutano wa mwisho kijijini kwenu ulifanana na Yezreeli au Yerusalemu? Toeni sababu.
3. Nani hayupo kwenye vikao vyenu, na mnawezaje kumfikia?
4. Akija mtu na pendekezo la mradi kwenye msitu au mto wenu, mtamuuliza maswali gani ya Laudato Si' 185?

Azimio la wiki: Tafuta kwa mtendaji wa kijiji au mtaa tarehe ya mkutano ujao. Waalike vijana wawili mwende pamoja.

Sala

Ee Mungu Baba, uliyetupa milima, maji na rutuba, tunakushukuru. Utusamehe pale tuliponyamaza wakati jirani yetu akinyang'anywa. Wape viongozi wetu masikio ya kusikia, na sisi vijana utupe ujasiri wa kusema kweli kwa upendo. Uwafariji waliopoteza mashamba na makazi yao. Utufundishe kuiponya nchi uliyotukabidhi, ili watakaozaliwa baada yetu wakute chemchemi bado zinatiririka. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.